Kipimo

Hapa Igombe dagaa hupimwa kwa sado,
gongo kwa kikombe cha bati kilichobonyea ubavu,
na mimba, mwaka ule, niliipima kwa mkanda wa gauni.

Mwezi ukitoweka mitumbwi huwasha taa,
ziwa linakuwa mji.
Alfajiri mzigo unashushwa, mchanga unageuka fedha,
nasi tunainama, tunaanika, tunainama.
Mgongo ukigoma, Mama Holo anamimina kimoja.
"Kunywa, mwanangu, na huyo wa ndani apate joto."
Nikanywa. Hakunichukia.
Na yeye aliambiwa hivyohivyo na mkunga wake.

Zahanati walinipa kikombe kingine, cha plastiki.
Wakapima sukari, wakapima protini,
wakapima damu, wakanizungushia utepe tumboni
kama fundi anayemshonea mtu asiyemwona.
Kisha nesi Perepetua, kalamu juu ya kadi:
"Pombe unatumia?"
Nyuma yangu foleni. Kwenye foleni, wifi yangu.
Nikasema hapana.
Akaandika hapana.
Kadi ninayo bado, ndani ya mfuko wa sukari.
Ana mwandiko mzuri, Perepetua.

Lushinge alizaliwa Machi, mdogo
kama sato asiyefikia kipimo,
yule ambaye bwana samaki akimkuta kwenye beseni lako
unalipa faini.

Sasa ana miaka minane.
Anautambua kila mtumbwi kwa mlio wa injini
kabla haujachomoza nyuma ya mawe.
Lakini mtume chumvi, ataleta kiberiti,
au hataleta kitu, au hatarudi,
utamkuta kwa mshona nyavu akihesabu matundu:
moja, mbili, nne, mbili.
Jana aliliandika jina lake lote.
Leo ameitazama L kama mgeni aliyekuja bila kubisha hodi.

Mwalimu aliandika: mtundu, mvivu, hasikii.
Mjomba alijibu kwa fimbo.
Mimi nilimpa mtu wa Kisesa mbuzi
amtafute mchawi.
Alimtafuta mbali sana.

Mwaka huu, mjini, juu ya kilima cha hospitali,
daktari alimtazama mwanangu macho, mdomo wa juu,
ile sehemu chini ya pua iliyolala bila mfereji.
Akaniuliza swali lilelile.
Ila yeye aliiweka kalamu chini kwanza.

Nikasema ndiyo.
Ndiyo iliyokaa kooni miaka minane
inatoka ikiwa na meno.

"Kiasi gani kilimdhuru?" nikauliza. "Kile cha asubuhi?
Vile viwili vya siku ya mvua?"
Akasema hakuna anayekijua kipimo kisichodhuru.
Akasema si laana, si uvivu. Akili yake
iliguswa ikiwa bado inafinyangwa.
Haitafinyangwa upya.
Mtume jambo moja, mama. Likiisha, la pili.
Na fimbo muichome.

Tuliichoma. Ugali ule uliiva haraka.

Mimi nimeacha. Siku arobaini na moja.
Nasema nimeacha; mikono bado haijasadiki,
asubuhi inacheza kama dagaa aliye hai.
Napita mbali na kwa Mama Holo,
nazunguka kwa njia ya mbuzi, yenye miiba.

Lakini jana Minza aliinama karibu yangu,
tumbo la miezi mitano, akashika kiuno,
na kikombe kikaja.
Nilikijua kabla sijakiona. Pua haiachi.

Sikumhubiria. Nani angenisikiliza?
Nilikishika, nikakimwaga mchangani,
Mama Holo akanitukana hadi babu yangu.
Nikamwambia Minza: kaa.
Upande wako wa wavu nitauinamia mimi.

Kisha nikaita: Lushinge. Maji.
Neno moja tu.
Akaondoka na kile kikombe.
Nikaanika, nikatazama njia,
nikaanika, nikatazama njia.
Injini ililia mbali, nikajua amesimama kuisikiliza.

Akarudi.
Nusu yamemwagika miguuni pake.
Minza akayanywa yaliyobaki.