Kilo Ishirini na Sita

Wengine walimfuata Bhavini magazetini,
ukurasa wa nyuma, mstari mmoja chini ya farasi wa Ngong.
Mimi nilimsoma kwenye nyuzi.

Kibanda changu kipo Ngara, ubavuni mwa duka la Vekaria:
misumari kwa kilo, bawaba, rangi, kufuli.
Nilikuwa fundi viatu. Siku moja babake
akaniletea raketi iliyopasuka tumbo,
akasema, "Ngozi unashona; hii itakushinda?"
Ilinishinda mara mbili. Ya tatu ikakubali.
Msichana, miaka kumi na mmoja, magoti vumbi tupu,
akaigonga kwa kiganja, akatega sikio.
"Inaimba chini. Kaza."

Basi nikakaza.
Hewa ya Nairobi nyepesi, mpira huku hupaa
kama kishada kilichokatika uzi;
ukilegeza, utauokota nje ya ua.
Ishirini na nne. Ishirini na tano.
Mwaka alioshinda wasichana wote wa Parklands
na kisha kaka zao,
ishirini na sita, mashine ikilia kama mlango mkuukuu.

Nilikwenda kumtazama mara moja tu,
nyuma ya waya, pamoja na walinzi.
Kabla ya kuanzisha alidundisha mpira, midomo ikihesabu:
ek, be, tran.
Akikosa, alijitukana kwa Kiswahili cha Ngara;
mwamuzi mgeni hakuelewa,
mlinzi akacheka hadi kofia ikadondoka.
Bwana mmoja jukwaani akauliza,
"Huyu Mhindi anachezea nani?"
Mlinzi akajibu bila kugeuka,
"Anachezea duka la misumari."

Kisha ndege. Monastir, Antalya, Pune,
miji niliyoijua kwa vibandiko vya mikoba.
Alirudi na nyuzi zilizokatika,
nami nikazikagua kama daktari na picha ya mapafu:
zikikatika katikati, alikuwa anapiga vizuri;
zikikatika juu, karibu na fremu,
alikuwa anachelewa, halali, pesa ya hoteli imeisha.
Pune, aliniambia, raundi ya kwanza walimshangilia
kama binti aliyerudi nyumbani.
Ya pili akapangwa na mwenyeji,
na jukwaa zima likakumbuka kwamba ametoka Kenya.
Alisema hivyo akicheka, akila hindi la kuchoma,
pilipili na ndimu, punje kwa punje.

Namba yake bora duniani, mia mbili na tisa.
Babake aliiandika kwa chaki mlangoni,
juu ya bei ya saruji.
Wateja wakaomba wapunguziwe.

Halafu kiwiko.
Hakunieleza. Alisema tu, "Leo weka ishirini na nne,"
akitazama barabarani.
Mwaka uliofuata, ishirini na mbili.
Kisha ishirini, na alivyoitaja
ni kama mtu anayetaja deni.
Nami, Mungu anisamehe, nikawa naongeza nusu kilo
bila kumwambia,
nikidhani namlindia ubingwa.
Akaigonga kwa kiganja. Akatega sikio.
"Fundi," akasema, "huu mkono ni wangu."

Novemba alileta raketi moja, ya mwisho kutokatika,
akasema ataipitia Jumamosi.
Hakuuliza bei. Hakutaja kilo.
Nikajiamulia: kumi na nane.

Jumamosi zimepita, sikuzihesabu.
Anauza saruji sasa, vumbi la kijivu kwenye nyusi.
Tunasalimiana kila asubuhi,
ukuta mmoja kati yetu,
raketi hakuna anayeigusia.
Jioni wakishafunga nasikia mpira upande wa pili,
unagonga ukuta, unakosa, unatafutwa kwenye makopo ya rangi,
unagonga tena,
ek, be,
polepole, kwa mkono wa kushoto.

Watu hawajui: uzi hulegea hata ukikaa bure.
Imetundikwa kwenye msumari wa kwao, inchi nne.
Nikifungua kibanda naigonga kwa kiganja.
Inaimba chini.
Sikazi.