Hatua Saba

Sungura alikimbia. Mbweha alikimbia.
Basi Duncho na Ihla wakajua hivi:
kila chenye manyoya ni mgongo tu.

Jana, milimani kwetu Slovakia,
theluji ikiwafika vifuani,
walikikuta kitu chenye uso.

Nguruwe mwitu, dume,
amejibanza kwenye miiba chini ya mialoni,
mvuke ukimtoka puani kama birika,
meno mawili ya manjano, na hana haraka.

Wakasimama. Hatua saba, nilizihesabu.
Mkia wa Duncho ulishuka taratibu.
Ihla akaukumbuka ghafla mguu wake,
akaulamba, nao hauna kidonda.

Nilitaka kupiga mluzi.
Mjomba Blazej akanishika mkono: “Waache.
Wanahesabu na wao.”
Akaketi kisikini, akakata mkate na kitunguu,
akanisimulia siku yake ya kwanza mgodini:
lifti ilifunguka, giza likamtazama,
akasema amesahau kofia,
akarudi nyumbani kilomita nne
kofia ikiwa kichwani.

Tulipoinua macho, dume alikuwa anaondoka,
hakimbii, anavunja vijiti tu
kama mwenye nyumba aliyechoshwa na wageni.

Hapo ndipo Ihla alipobweka. Mara moja,
sauti nyembamba, ikamshtua mwenyewe.
Duncho akasogea: ya sita, ya tano,
akasita, ya nne…
akafika pale theluji ilipoyeyuka
kwa joto la ule mwili,
akanusa, akanusa mno,
akainua mguu.

Matone matatu.