Marekani Ikifuliwa

Kopo hili ninalopimia uwele hapa Kibaigwa
lilikuja na njaa.
Lilikuja limejaa mafuta, ubavuni limechorwa
mikono miwili iliyoshikana, na nyota juu yake.
Mama aliyamaliza mafuta, akabaki na kopo;
mimi nikarithi kopo na jina:
Manzala, wa mwaka wa njaa,
niliyekuzwa kwa ugali wa njano
ambao watu waliula huku wakiusema.
"Mahindi haya kwao hulishwa ng'ombe,"
walisema, wakanyoosha sahani tena.

Miaka imelisugua kopo.
Mkono mmoja umefutika,
uliobaki umeshika hewa.
Sechelela, jirani yangu wa genge,
anadai uliokwenda ni wa mpaji.
Mchuuzi wa Gairo anabisha: ni wetu ule,
ulichoka kuamkia.
Mimi nachota, namwaga, nahesabu: moja, mbili.

Lechipya mpakia magunia ana fulana ya mnadani,
kifuani ndege mwenye kucha na maneno asiyoyasoma.
Juzi redio ilisema wameshusha moto
juu ya mji wa watu, usiku,
na msemaji wao akasema walilenga vizuri.
Lechipya alitema mate. "Mabeberu!"
Neno la babake, alilikuta nyumbani kama jembe.
Kisha akavuta pindo la fulana,
akajifuta jasho kwa ndege yuleyule.

Jioni alikuja kuazima shuka jeupe:
bahati nasibu ya viza inataka picha
isiyo na kitu nyuma.
Nikamshikia. Akasimama wima, hakutabasamu,
kichwa mbele ya weupe mtupu
kana kwamba hakuna soko, hakuna lori la mahindi,
hakuna mimi nyuma ya kitambaa,
mikono juu, mabega yakiwaka.

Sikumlaumu. Nyemo wangu
yu hai kwa vidonge vilivyoletwa na gari jeupe.
Nimemwombea dereva wake kanisani, kwa jina.
Tangu kiangazi gari halijaja.
Muuguzi alisema tu: huko juu wamebadili mawazo.
Huko juu!
Nikatazama. Mwewe mmoja, na mawingu yasiyo na kitu.
Hatukuulizwa.
Nadhani na wale wa mji uliochomwa
hawakuulizwa.

Bibi hakuijua nchi hiyo.
Kwake marekani ilikuwa kitambaa,
kigumu, rangi ya maziwa yaliyolala,
cha kuvaa na cha kuzikia.
Aliinusa kwanza dukani, akaivuta pande mbili,
akaniambia: ukikata marekani ongeza shubiri,
maana ikifuliwa hurudi.

Bibi, shubiri yangu niliiweka wapi?
Nyemo amebakiza vidonge vya siku kumi na tisa.
Anavihesabu yeye mwenyewe sasa,
ananificha kiganja.

"Mama, jaza basi!" Mteja anagonga kopo kwa ufunguo.
"Na hapa chini mbona limebonyea? Unatupunja?"
Naingiza mkono, nasukuma kwa gumba.
Bati linalia, linakaa sawa
kwa muda wa pumzi moja,
halafu linarudi palepale.
Namwongezea konzi.