Magunia Saba

Bibi Semhongole hawezi tena kufunga kitufe cha sweta.
Julai ya Iringa imemkamata vidole,
imevipinda kama tangawizi,
naye ananyoosha mkono juu ya kaunta yangu, Miyomboni,
kana kwamba mkono wenyewe ndio cheti.

Namhesabia: kumi, ishirini, thelathini,
vidonge vyeupe, vidogo kama jicho la kuku.
Asubuhi, baada ya uji. Usiache ghafla.
Uso utajaa, utakuwa mviringo, watu watasema umenenepa.
"Waseme," anajibu. "Ila hapa mimi nadaiwa, au nadai?"

Ndipo anapoanza.

Mwaka wa hamsini lori lilishuka Idodi
na mzungu wa kampuni, mizani ya ndoana,
na daftari lenye picha ya tunda:
pembe mbili zilizoachana, kama za ng'ombe anayeshangaa.
Kihwele, mumewe, akalitambua. Akanyamaza.
Tunda lile halitajwi mbele ya wageni.
Mbegu yake huchemshwa mbali na nyumba,
na mshale uliopakwa haulazwi chumba kimoja na mtoto.
"Unamwinda nani?" aliuliza.
"Maumivu ya viungo," mkalimani akatafsiri,
kisha mwenyewe akacheka.

Senti sitini kwa ratili.
Walipekua vichaka mwezi mzima,
mbegu zikipeperuka na nywele zake za hariri,
zikinasa kwenye kope, kwenye kanga.
Magunia kumi na moja.
Manne yakapakiwa, yakalipwa.
Saba yakaambiwa yasubiri lori la pili.

Yaliyobaki niliyasoma mimi, chuoni:
kwamba mwanzo walikamua nyongo ya ng'ombe,
hatua thelathini na ushei,
machinjio mazima kwa kijiko cha unga;
kwamba wakatuma watu huku na kule
kutafuta mmea uliokwisha kufanya nusu ya kazi;
kwamba kiazi kikuu cha porini, Meksiko, kikawahi,
na ukungu, huu huu unaoharibu mkate,
ukaruka kwa siku chache
ukuta uliowashinda maprofesa.
Kitabuni ni aya moja.
Idodi haimo.

Lori la pili halikuja.
Panya hawakuyagusa magunia. Hata mchwa.
Kihwele alilala mlangoni pa ghala msimu mzima
asije mtoto akalamba kidole,
mwishowe akayafukia usiku, peke yake,
mahali ambapo mpaka leo mbuzi hawachungwi.

Bibi anafungua fundo la kanga.
Noti zinatoka polepole, vidole havitaki.
Anasita. Anarudisha elfu mbili.
"Punguza. Waambie wenye kampuni: magunia saba."
Bibi, kampuni iliuzwa, ikaunganishwa na nyingine,
jina limebadilika mara tatu.
"Na deni, nalo limebadilishwa jina?"

Naandika kwenye bahasha: moja mara moja.
Elfu mbili natoa mfukoni mwangu, naitia droo,
na droo inakwama, kama kawaida yake,
mpaka uipige na goti.