Matuta Mawili

Umeniuliza, Subilaga, kama kesi bado iko barazani.
Haiko. Niliiacha mwezi wa pili,
na siyo kwamba nilishindwa.
Kamba ya kupimia ninayo, karatasi ninazo ndani ya mfuko wa sukari,
na Asangalwisye anajua, hata jembe lake linajua,
kwamba matuta mawili ya upande wa mtoni
ni ya mama yetu.

Miaka mitatu nimepanda kwenda kata
na mvua ya Uporoto mgongoni.
Nauli, barua za kuchapisha, chai ya mashahidi.
Usiku mmoja, ukungu umekaa mlangoni
kama mgeni asiyejua kuaga,
nikapiga hesabu kwa mkaa juu ya sinia:
nimekwisha kula ndama mzima
kwa ajili ya matuta mawili
yanayotoa debe sita.

Nikageuza sinia.
Upande wa pili nikaandika vilivyopo,
kwa kinyongo mwanzoni, kama mtu anayelipa deni:
Lusajo, aliyelala Igogwe siku tisa kifua kikikoroma,
akaamka akaomba kiazi cha kuchoma.
Ng'ombe mmoja, chuchu tatu, lita saba.
Bati linalovuja mahali pamoja tu,
na hapo nimeweka ndoo,
na ndoo inanipa maji ya kunawa.
Mkaa ukaisha.
Sikuwa nimefika hata kwako.

Mama aliniita Tusajigwe, tumebarikiwa.
Jina hilo nimelibeba miaka arobaini na moja
kama taa isiyo na mafuta.

Jumapili ya mavuno nikapeleka boga.
Unaujua mnada wetu pale nje ya kanisa,
jogoo anainuliwa, mkungu unainuliwa, watu wanacheka.
Boga langu lilipoinuliwa
sauti ya kwanza ilikuwa ya Asangalwisye.
Elfu mbili.
Hakuna aliyemjibu.
Akajipandishia mwenyewe: elfu tatu. Elfu tano.
Hakunitazama, wala mimi sikumtazama.
Lakini boga lilikwenda kwake,
na mbegu zake sasa ziko kwake.

Usidhani basi nimekuwa mtu wa kunyamaza.
Jumatano lori lilikuja Isyonje,
na yule mnunuzi, na magunia yake yenye vilemba,
lumbesa, gunia juu ya gunia, bei ya moja.
Mungu anachukia mizani ya hila:
tumelisikia tangu Shule ya Jumapili,
halafu vilemba tukavishona kwa mikono yetu.
Nikasimama. Nikasema, leo kilo.
Miguu ilitetemeka, nisikudanganye.
Akacheka. Akauliza, na nani mwingine?
Nyuma yangu nikasikia kikohozi ninachokifahamu,
kikohozi nilichokichukia miaka mitatu.
"Leo kilo," akasema Asangalwisye.

Lori liliondoka tupu.
Siku nne tulikula viazi, vya kuchemsha, vya majivuni, vya mchuzi,
mpaka Lusajo akauliza kama wali umefariki.
Siku ya tano likaja lingine,
na mizani imefunikwa turubai
kama kitu cha aibu.

Msimu ujao sijui. Huenda vilemba vikarudi.
Kwa hilo na mimi nitarudi,
nguvu ninazo:
nilizing'oa kwenye matuta mawili.

Yule mchimba visima wa kale
alinyang'anywa kimoja, akanyang'anywa cha pili,
akakunja hema akaenda mbele.
Hakuwa mwoga. Alikuwa na kiu,
na alijua maji ya Bwana ni mengi
kuliko mdomo wa mgomvi.

Matuta yamechanua sasa, zambarau na nyeupe.
Siku nyingi napita pale nikishukuru.
Siku nyingine nayahesabu.
Niombee kwa hizo siku nyingine.