Safu ya Thamani

Mkaguzi katoka Mbeya na daftari lake.
Mizani: laki nne. Friji: milioni sita na ushei.
Programu ya kupokelea maziwa?
Nikamwambia, tumepewa bure. Akaandika sifuri,
akaizungushia duara, mvua ya Kandete ikigonga bati.

Sikubishana. Kalamu ilikuwa yake.

Lakini sifuri ile ina watu ndani.
Yumo Anyelwisye, aliyeona nusu lita
za mama zetu zikimezwa na hesabu,
akaufungua msimbo usiku, akazirudisha.
Yumo kijana wa Makete, sura yake siijui,
aliyetia neno la Kikinga palipoandikwa "mteja".
Yumo na mtu wa nchi ya mbali
ambaye jina lake nalitamka vibaya, ila sijalifuta:
leseni imekataza,
na hata isingekataza.

Leseni yenyewe nimeisoma mara mbili.
Chukua. Fungua. Geuza upendavyo.
Ukimpa mwingine, mpe na ufunguo.
Nikacheka peke yangu. Si ndiyo haya
aliyosema bibi aliponing'olea mche wa mgomba,
udongo ungali mbichi kwenye mizizi:
"Huu hauuzwi. Jirani akikuomba, nawe ng'oa."

Jioni Tupokigwe kaleta maziwa.
Lita tatu na nusu, kioo kikasema.
Akasoma mwenyewe, midomo ikitembea
polepole hadi kwenye ile nusu,
akasuuza ndoo, akaenda zake.