Udongo Wenye Homa

Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Aprili,
chuo chetu hupanda mti.
Ni mmoja tu, lakini una hotuba tatu,
hema jeupe, spika mbili zinazokoroma,
na sepetu yenye mpini wa rangi ya dhahabu
ambayo haijawahi kugusa hata tuta la vitunguu.

Mimi ndiye mbeba viti.
Viti mia na ishirini, dola kumi na moja kwa saa,
kutoka ghala la ukumbi wa michezo hadi uwanjani.
Na huku Minesota, Aprili bado ina theluji,
mgeni aliyekwisha kuaga mara nne
na bado ameshika kitasa.

Mahali pa kupandia hapabadiliki.
Kati ya maktaba na maabara ya kemia
upo ukanda wa nyasi usiokaa theluji.
Januari, pumzi inapoganda kwenye kope,
ukanda ule ni kijani, unafuka mvuke mwembamba,
na sungura wamejipanga juu yake
kama watu kwenye benchi la zahanati.
"Udongo laini," husema kamati.
"Sepetu inaingia bila taabu."

Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa mtufaha.
Wa pili, msonobari.
Wa tatu, mwaloni uliokuja na cheti chake.
Shimo ni lile lile. Nalijua kwa jiwe,
jiwe moja lenye umbo la figo
tunalolitoa, tukalirudisha.
Waliotangulia wamekwenda wapi, hakuna aliyeuliza.
Tulipiga makofi, tukanywa chai
kwa vikombe vinavyooza (tuliambiwa) kwa siku tisini.

Mwaka huu ni mbetula, na utepe.
Na Mai Yer Vang.
Anasoma miamba, mwaka wa pili;
bibi yake analima kabichi za kuuza sokoni St. Paul.
Hakukiendea kipaza sauti.
Mkuu wa chuo akiwa ameinua sepetu, mpiga picha ameinama,
Mai Yer alipiga goti, akavua glavu,
akatia mkono shimoni hadi kiwiko,
akasema, kama mtu aliyegusa paji la mtoto:
"Udongo huu una homa."

Nyuma kabisa, Bwana Engebretson wa boila
akacheka hadi kahawa ikamwagikia buti.
"Chini hapo pana bomba la mvuke," alisema.
"Linavuja tangu binti yangu hajaota meno.
Sasa binti yangu ana mimba.
Fomu nimejaza, zimefika sita.
Gesi tunayochoma kupasha madarasa,
sehemu yake kubwa inapasha sungura."

Spika zikakoroma.
Mkuu akaitazama sepetu kama kitu alichookota njiani.
Kisha wakaupanda,
maana hema lilikodiwa hadi saa nane
na picha ni picha.

Usiku tulirudi watatu, na koleo lenye kutu.
Mbetula ulitoka kirahisi, mizizi vuguvugu mkononi.
Tukauhamishia nyuma ya jikoni, upande wa kaskazini,
pale theluji inapokawia kuliko popote,
pamejaa mawe, tulichimba hadi saa saba.
Sikudai malipo ya saa zile.
Jiwe la figo Mai Yer alilitia mfukoni.

Bomba bado linavuja.
Kamati ya bomba haina hema.
Lakini kwenye mlango wa boila sasa pana chaki:
tarehe, joto la udongo, joto la hewa,
mwandiko wa Mai Yer, na siku asipokuwepo
mwandiko mnene wa mzee.

Desemba nilipita nyuma ya jikoni na mifuko ya taka.
Mbetula ulikuwa umezama hadi magotini, mweupe,
hauna jani. Nikaogopa, nikamwita.
Engebretson akakwaruza gome kwa ukucha,
akaniwekea tochi nione ukijani chini yake.
"Unalala," alinong'ona.
"Wale wengine hawakupata usiku hata mmoja."
Akazima tochi.